Yamini ya Mwani

Nakwambia mapema: kaka yangu Marzouq sisemi naye, na wala usinipatanishe. Wameshakuja watu wazima na heshima zao, wamekaa hapa hapa ulipokaa wewe, wamenihadithia habari ya damu na udugu mpaka kahawa ikapoa, na wote nimewarudisha kwao. Nisikilize kwanza. Ukimaliza kunisikiliza, kama bado unayo nasaha, utanipa.

Mwaka wa themanini na saba nilikuwa Sur, pwani ya Oman, nafanya kazi katika kituo cha utafiti wa bahari. Jamaa zetu wa Ibra walicheka sana. Mtoto wa kike, asili yake mji wa mitende na vumbi, anakwenda kupima bahari! Lakini kituo kilitaka mtu anayejua Kiingereza na anayejua kuogelea, na miye Ghalia nimezaliwa Unguja mjini, nimemalizia masomo Kairo, na kuogelea alinifundisha marehemu baba kabla meno ya utoto hayajaning'oka. Wakanichukua. Nikahamia Sur na mama yangu, Bimdogo, na huyo kaka yangu, ambaye wakati ule alikuwa hana kazi ila kupanga biashara kichwani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sur ina ghuba iliyoingia ndani ya nchi, mdomo wake mwembamba, na ndani maji yametulia. Chini yameota majani marefu ya kijani, na katika majani hayo ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia. Kila wiki niende na fremu yangu ya chuma, niizamishe, nitazame kwa sanduku lenye kioo chini yake, nione ndani ya fremu mna majani gani, mengi au machache, na kama ameingia mgeni. Mgeni ndiye tuliyekuwa tukimwogopa. Mmea wa bahari nyingine ukishika mahali huwafunika wenyeji mpaka wakafa, na kuung'oa si mchezo.

Aliyekuwa akinichukua ni Ami Mabrouk. Mvuvi, mtu mzima, hana mtoto, mkewe Badriya kaumwa miguu miaka mingi. Mali yake yote ilikuwa hori moja, kijichombo chembamba cha mbao, na nyavu zake. Alikuwa na Kiswahili cha bandarini, alichokiokota ujanani alipokuwa baharia wa kwenda Unguja, na kila neno la tatu tusi bila ya yeye kujua. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini adabu! Wanaume wa Sur walikuwa wakinisema sokoni, mwanamke gani huyo anayelowa mchana kweupe. Ami Mabrouk hakusema kitu. Alifunga pazia la turubali ubavuni mwa hori, na nikiteremka majini yeye hugeukia milimani, akakaa hivyo hivyo mpaka nimepanda na kujifunika. Hakuwahi kunitazama nimelowa, hata siku moja. Tukirudi, mama humpakulia wali, akala barazani kwetu, akamwombea mama dua ndefu.

Basi mgeni akaja. Nilimwona kwanza kama kichaka kidogo, rangi ya kahawia, vidole vidole vinene vya kuteleza, kimeparamia majani ya kijani. Baada ya muda kidogo kila nikizamisha fremu namkuta. Wavuvi wakaanza kulalamika, nyavu zinapanda nzito zimejaa uchafu, samaki hamna. Wakawa wanaukung'uta ufukweni, maji yakijaa yanauchukua, na kila kipande kilichokatika kinaota upya mahali pengine. Nikawaambia wauchome juani. Nani amsikilize mwanamke wa Kizinjibari, kama wanavyotuita sisi wa Unguja?

Mkubwa wangu alikuwa Mahrous. Kanzu yake ilinukia udi, na maji ya bahari hayajapata kumfika kwenye kifundo cha mguu. Akanambia, "Nataka kujua mmea huu ulipoanzia. Watu wananikera." Nikaenda nikapima, nikifuata unene wake kutoka mdomo wa ghuba kuingia ndani, upande wa kijiji cha Ayjah. Ukazidi na kuzidi, na mahali ulipoota mnene kuliko pote ni pale Ami Mabrouk anapofunga hori lake.

Nikamwambia pale pale, "Ami, umejaa hapa kwako."

Akacheka. "Uchafu huu umenipenda, bint. Nifanyeje?"

Nikampelekea Mahrous matokeo, kama ilivyo kazi yangu, nikamwambia wazi kwamba unene peke yake hauonyeshi nani kauleta. Ah wapi! Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa linajua kwamba Mabrouk kaharibu ghuba. Mahrous hana kifua, siri haimkai.

Hapo ujue kitu kimoja cha wale watu. Mambo ya bahari hawapeleki polisi wala mahakamani. Wana baraza lao la wazee wa bahari, na ada zao za tangu na tangu. Anayechafua maji ya wote hutolewa majini: chombo chake hupinduliwa mchangani, matumbo juu, na hapana atakayenunua samaki wake wala kumchukua chomboni. Na palipo na tuhuma pasipo shahidi, hukatwa kwa yamini. Mtu huletewa Msahafu, akaapa, na akishaapa maneno yamekwisha. Anayeendelea kusema ndiye mwenye kosa. Baraza likatangaza kukutana Alkhamisi baada ya alasiri, kumsikiliza Mabrouk. Mtu ambaye akitolewa majini hana pa kwenda ila kukaa kitako na kungoja kufa njaa na mkewe.

Siku ya Jumatano nilirudi nyumbani na ndoo yenye kipande cha ule mmea, nataka kuukausha nimpelekee mwalimu wangu Kairo. Mama alikuwa anachambua mchele. Akachungulia ndani ya ndoo, uso wote ukamfunguka.

"Yailahi! Mwani wa kwetu!" Akautia mkono, akaunusa. Mama kwao Paje, pwani ya Unguja, na udogoni alikuwa akiuokota na wenziwe na kuuanika kwa ajili ya wafanyabiashara. Miye mtoto wa mjini, ningeujulia wapi? "Kumbe umeshika! Marzouq kanambia umekufa wote."

Nikakaa chini.

"Mama. Marzouq kaupanda?"

Akajitia hamnazo, akarudi kwenye mchele wake, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Marzouq akaingia wakati ule ule, na kwa kuwa yeye hawezi kuacha kujisifu, akanieleza mwenyewe. Mwaka uliopita, alipokwenda Unguja kuzuru, kaona watu wanazungumza habari ya mwani, kwamba Wazungu wanautaka. Akautia kwenye galoni la plastiki, akaja nao hadi Sur. Akachomeka vijiti karibu na hori la Mabrouk, kwa sababu pametulia, akafunga kamba, akaufunga mwani. Alitaka kuwa tajiri. Aliposikia kwamba kituo kinatafuta mimea migeni akaingiwa na woga, akaung'oa wote, akangoja maji yaanze kupwa, akautupa.

"Maji yakipwa yanachukua," akasema. "Si ndivyo tunavyofanya kwetu? Unatupa maji yakipwa, bahari inabeba, kwisha habari."

"Kwetu ni pwani ya wazi!" nikampigia kelele. "Hii ni ghuba, wee mpumbavu! Mdomo wake kama huu wa chupa! Maji yanatoka kidogo, yanarudi yote. Hukuutupa, umeupanda ghuba nzima!"

"Basi sikujua."

"Basi kesho utakwenda barazani ukaseme hukujua. Watakulaumu, watakutukana, utasafisha, na yatapita. Wewe huvui, hawana cha kukutoa. Mabrouk wanamtoa."

Marzouq akamtazama mama. Sikilizeni jamani mwanamume wa makamo, ndevu zimemjaa, anamtazama mama yake.

Mama akaweka ungo chini. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo ndilo lililonitisha. "Hendi mtu barazani. Unataka waseme Wazinjibari wamekuja kuwatia uchafu katika bahari yao? Kule tumefukuzwa kwa kuitwa Waarabu. Baba yako kafa hana mali ila suti yake ya mwisho mwilini. Huku wanatuita Waswahili mbele ya macho yetu, na tunacheka nao. Nifukuzwe mara ya pili kwa ajili ya Mabrouk? Mabrouk nani kwetu?"

"Anakula hapa, mama!"

"Na paka anakula hapa."

Wallahi ndivyo alivyosema. Mama yangu mzazi, mwenye kusali na kufunga hata zile sita za baada ya Ramadhani. Vijiti vya Marzouq alikuwa ameshavitia jikoni zamani, kapikia.

Alkhamisi nikaenda. Nimevaa baibui langu, nikakaa pembeni penye banda la mafundi wa majahazi, maana baraza lilikubali niwepo kwa ajili ya kazi. Mkubwa wao alikuwa Sheikh Azzan, mzee mrefu, nahodha wa zamani, anasema polepole kwa kujua kwamba hapana atakayemkata kauli. Ami Mabrouk alikaa mbele yao na kanzu yake ya Ijumaa. Aliponiona akanitikisia kichwa, kama kusema usijali, bint.

Mahrous akasimama akasoma alichosoma. Sikungoja amalize. Nikasema, "Sheikh Azzan, mimi ndiye niliyepima, na mimi nakwambia Mabrouk hana kosa. Mwani ule kaupanda kaka yangu, Marzouq, kautoa Unguja. Kisha kaung'oa, kautupa humu humu."

Wee! Palichafuka. Huyu anasema Wazinjibari hawa, yule anasema huyu mwanamke ana wazimu, kaka yake wa tumbo moja! Sheikh Azzan akanyanyua mkono, wakanyamaza.

"Umemwona akipanda?"

"Sikumwona. Kanambia mwenyewe, na mama anajua."

Akamtuma mtu, Humoud, nyumbani kwetu akamuulize mama na aje na Marzouq. Tukakaa tunangoja. Nilikuwa na tamaa bado, ndiyo. Nilijiambia mama akiulizwa kwa jina la Mungu na mtu mgeni mlangoni, atasema kweli. Humoud akarudi, Marzouq nyuma yake kavaa kilemba kizuri, na Humoud akasema mbele ya wote: "Bi Bimdogo anakusalimuni. Anasema mwanawe hajapanda kitu. Anasema binti yake amepigwa na jua sana kazini, na anaomba mumsamehe."

Watu wakanitazama kwa huruma. Hasira ningeistahamili, lakini ile huruma ilinikata maini. Nikasema, "Mwongo!" na Sheikh Azzan akanambia, "Mama yako huyo, bint. Kaa kitako."

Basi ikabaki yamini. Kwa ada yao aliyetuhumiwa mwanzo ndiye anayeanza. Ukaletwa Msahafu, umefungwa kitambaa cha kijani, akawekewa Ami Mabrouk mapajani. Sheikh Azzan akamwambia, "Sema: Wallahi, uchafu huu haukutoka chomboni mwangu wala nyavuni mwangu."

Ami Mabrouk akauweka mkono. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Sema, Mabrouk."

"Nyavuni mwangu umetoka," akasema. "Nimeukung'uta pale ufukweni. Sote tumeukung'uta. Siwezi kuapa kwamba haukutoka."

"Ami!" Nilisimama. "Hawakuulizi hilo! Wanakuuliza kama umeuleta wewe!"

"Maneno ndiyo hayo waliyonipa, bint," akasema. "Na Msahafu ndio huu."

Nikawageukia wazee, nikawaomba wabadilishe maneno, wamuulize kama kauleta, waache habari ya nyavu. Mzee mmoja akakasirika, akasema maneno ya yamini hayabadilishwi kwa amri ya mwanamke, baba zao wameapishwa kwayo. Na wote waliokuwa pale, jamani, wote walikuwa wameukung'uta mwani ule na nyavu zao zilikuwa zinakauka nyuma ya migongo yao. Hapana hata mmoja aliyesema na mimi pia. Walitazama mchanga.

Mabrouk akaunyanyua Msahafu kwa mikono miwili, akaubusu, akaurudisha. "Siapi," akasema.

Ukapelekwa kwa Marzouq. Yeye wakampa maneno mengine, maana tuhuma yake ilikuwa ya kupanda. Kaka yangu kasoma chuo cha Kurani Unguja kwa mwalimu mkali, sauti yake nzuri, kila herufi anaitoa mahali pake. Akaweka mkono, akasema, "Wallahi, sikupanda kitu katika ghuba hii." Hakutetemeka. Hata hakunikwepa, alinitazama usoni alipokuwa anasema, na mimi nikatazama mkono wake, nikingoja ukauke kama wa mwenye kuapa uongo. Haukukauka. Akapewa mkono na wazee, wakamtaka radhi kwa usumbufu.

Hukumu haikuchukua muda. Wakamwambia Ami Mabrouk apindue hori lake mwenyewe, kwa kuwa ada ni mwenyewe aanze kwa mkono wake. Akaenda. Akalikamata ubavuni akalivuta, na likamshinda. Akavuta tena. Ikabidi vijana wamsaidie, na mmoja alikuwa akicheka, sijui kwa aibu au kwa ufedhuli. Likalala matumbo juu, na lile pazia langu la turubali likabanwa chini yake.

Nyumbani nilimwambia mama kila neno lililonijia, na mengine sikujua kwamba ninayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa utadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Serikali ilitoa fungu la kusafisha ghuba, na Mahrous akatafuta msimamizi. Akamchukua nani? Marzouq! Mtu muaminifu, kasema, kaapa mbele ya watu, na anajua Kiingereza. Akapewa mashua ya mashine, vibarua, na mshahara wa mwezi. Mama akapika biriani, akawaita majirani. "Unaiona neema hiyo?" akanambia, na alikuwa anafurahi kweli, kutoka moyoni, na hilo mpaka leo sijui nilifanye nini. Mashine ikawa inapita juu ya mwani inaukatakata, na kila nikipima naukuta umezidi. Nilimwambia Mahrous kwamba kile si kusafisha, ni kupanda. Akanijibu kazi yangu ni kupima.

Kisha asubuhi moja Badriya akaja kwetu. Miguu ile, kavuka mji mzima anajikokota kwa fimbo. Nilidhani kaja kutulaani, na nikafurahi, nikasema leo mama atasikia. Akaingia, akainama, akaubusu mkono wa mama. Akamwomba azungumze na mwanawe, amchukue Mabrouk kibarua. Ndani hamna unga, akasema. Baraza limemkataza kuvua, halikumkataza kuvuta uchafu. Mama akamkalisha, akampa chai, akamwambia moyo wa Marzouq mweupe, hatakataa.

Hakukataa. Wiki ile ile nikashuka ufukweni na fremu yangu, nikamkuta Ami Mabrouk kasimama majini mpaka mapajani, kabeba mzigo wa mwani unaomchuruzika mgongoni. Marzouq yuko juu ya mashua, kavaa miwani ya jua. Akampigia kelele, "Haraka, mzee! Unalala?" Na Mabrouk akajibu, "Naam, arbab." Arbab, yaani bwana wangu. Na neno hilo akamwambia Marzouq!

Damu ikanipanda kichwani. Nikaitupa fremu, nikaingia majini na baibui langu kuelekea mashuani, na nilikuwa nimeshafungua kinywa, ningemvua nguo mbele ya vibarua wote. Mkono ukanishika. Ami Mabrouk, aliyekuwa hata hanitazami nikiwa nimelowa, alinishika kwa nguvu na uso wake uko mbele ya uso wangu.

"Nyamaza, bint," akasema. "Nakuomba kwa Mungu, nyamaza. Ataniachisha kazi."

Nikamtazama. Mtu aliyekataa kuapa mbele ya baraza zima, alikuwa ananiogopa mimi.

Nikanyamaza. Nikarudi nikaiokota fremu, nikapima, na ulikuwa umezidi.